Kinyama cha ngozi kutoka Pemba mpaka kwenye darubini: mwongozo kamili wa kutenganisha limfoma ya ngozi na ukurutu sugu

Nianze na chupa. Ilikuja na boti ya Pemba, chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, ndani mna kinyama kama punje ya mchele kimeng'ang'ania kwenye gozi kavu (kile kitambaa cha kufungia vidonda), juu plasta imeandikwa kwa kalamu "NGOZI". Basi. Ngozi ya nani, imekatwa wapi mwilini, doa lina muda gani, mgonjwa kajipaka nini, hakuna hata kimoja. Mie nikakitia kwenye mashine hivyo hivyo maana kukitupa nisingeweza, na kilichotoka ndo kile mnachokijua, "ukurutu sugu, tafadhali oanisha na hali ya mgonjwa", jibu ambalo halimsaidii mtu yoyote.

Yule mgonjwa, mama wa makamo, nitamrejea huko mbele, alikatwa mara tatu kabla hatujajua ana nini. Na si kwamba ugonjwa ulijificha sana, ni sisi tulokuwa tunauharibu njiani.

Nimekaa kwenye histolojia, kazi ya kutengeneza na kusoma slaidi za vinyama vya mwili, miaka ya kutosha kuona kwamba kwa kinyama cha ngozi kazi kubwa ishafanyika au ishaharibika kabla hakijanifikia mezani. Kwahiyo mwongozo huu nauandika kwa daktari na nesi anaekata huko Wete, Chake, Mkoani au huku Unguja, kwa mwenzangu wa maabara, na kwa vijana wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wanaoniuliza kila mwaka wafanye utafiti gani. Ni mrefu, chukua chai.

KWANZA UJUE UNATAFUTA NINI

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga. Wengi tumezizoea zile zinazoanzia kwenye matezi, lakini ziko zinazoanzia kwenye ngozi yenyewe, na kubwa yao ni mikosisi fungoidesi, karibu nusu ya limfoma zote za ngozi ni hii. Jina lake linapoteza watu, mtu akisikia fungoidesi anafikiri fangasi, hapana, Alibert, daktari wa Ufaransa alieeleza ugonjwa huu mwaka 1806, aliona mavimbe yamefanana na uyoga na jina likabaki hivyo mpaka leo. Fangasi hawamo kabisa. Mwaka 1870 Mfaransa mwengine, Bazin, akazipanga hatua zake tatu ambazo bado tunazitumia: doa, bamba, uvimbe.

Tabu yote iko kwenye doa. Doa linakaa miaka, mitano, kumi, linawasha kidogo au haliwashi, mgonjwa anazunguka na tube za dawa ya choa na za ukurutu, linapungua linarudi. Na ukilitia chini ya darubini katika hatua hii linafanana na ukurutu, yani hata bingwa anaweza kuangalia slaidi ile ile Jumatatu akasema ndio na Alkhamisi akasema sina hakika. Ndo maana msitegemee slaidi moja imalize kila kitu.

Kwa ngozi yetu nyeusi kuna jambo jengine. Vitabu vingi picha zake ni za ngozi nyeupe, doa linaonekana jekundu. Kwetu wekundu ule hauonekani, unaona weusi ulozidi au rangi ya kijivu-zambarau, na iko aina nzima ambayo inatoka kama mabaka yalopauka, khasa kwa watoto na vijana. Hayo mabaka yalopauka ndo yanaitwa mba, yanaitwa vitiligo, na mengine yanatibiwa kama ukoma. Na ukoma wenyewe bado tunao Zanzibar, kwahiyo sisemi usiufikirie, nasema ufikirie wote wawili.

KUULIZA NA KUANGALIA

Mvue nguo. Najua, najua. Lakini haya madoa yanapenda sehemu zisizopata jua, makalioni, nyongani, chini ya matiti, kwapani, ubavuni, na mama alovaa buibui hatokuonesha hayo kwa sababu tu umemwambia "nioneshe panapowasha". Awepo nesi wa kike, mlango ufungwe, umuombe kwa heshima umueleze kwanini, wengi wanakubali. Ukiangalia mkono tu kwa kuwa ndo rahisi utakata mkono, na mkono umechomwa jua, umekunwa, umepakwa, jibu lake halina maana.

Pima eneo kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Chini ya asilimia 10 ni hatua moja, kuanzia 10 ni nyengine, na ngozi nzima ikiwaka, asilimia 80 na kwenda juu, hapo uchukue na damu mapema maana kuna ndugu yake mikosisi aloelezwa na Sézary mwaka 1938 ambae seli zake zinaogelea kwenye damu.

Chukua kipande cha pamba umguse doani macho kafumba. Asipohisi, fikiria ukoma, papasa na mishipa ya kiwiko na goti kama imevimba. Doa lenye magamba likwangue, tia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka 20, angalia nyuzi za fangasi. Dakika kumi, inakuokolea kisu.

Sasa suala la mkorogo. Hapa ndo nilitaka kufika. Ukimuuliza mtu "unatumia mkorogo?" jibu ni hapana, kila siku hapana, nani atakubali. Uliza "mama, usiku kabla ya kulala unajipaka nini?" alafu nyamaza. Atakutajia liwa, mafuta ya nazi, singo ya juzi ya harusi ya mwanawe, na katikati hapo atataja "kile cha kopo cha kule dukani". Hicho cha kopo mara nyingi ndani kina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi inafukuza limfosaiti kutoka tabaka la juu la ngozi, yani inafuta ule ushahidi ninaoutafuta mie. Huyo mama wa chupa alikuwa akijipaka miaka minne. Na sisi wenyewe huku tunaongezea, kila alikopita kaandikiwa betamethasoni, nayo ni steroidi.

Kwahiyo kama hali si ya dharura, asimamishe kila cha steroidi wiki 2 mpaka 4 ndo akatwe. Mpe mafuta ya kawaida kama vaselini awashwe kidogo avumilie. Akirudi doa limekuwa baya zaidi, vizuri, ndo wakati wa kukata.

KUKATA

Tumia panchi, kile kisu cha duara, ya milimita 6 ukiwa nayo, ya 4 ndo mwisho, chini ya hapo usinipe. Kata sehemu mbili, sio moja, kutoka madoa tofauti, na kila kimoja kiingie chupa yake. Chagua doa ambalo halijatibiwa, na ndani ya doa palipo pazito zaidi. Pakiwa na kidonda usikate katikati yake, humo ni usaha na nyama ilokufa, kata ukingoni. Ukihisi uvimbe uko chini kwenye mafuta, panchi haitoshi, kata kwa kisu uingie mpaka mafuta.

Piga picha kabla (ukimuomba ruhusa, uso usionekane), uzungushie kalamu, ganzi ya lignokeini ipite pembeni na chini ya doa, usivimbishe doa lenyewe kama andazi. Zungusha panchi upande mmoja mpaka uhisi imeingia kwenye mafuta.

Alafu usikibane kwa koleo lenye meno! Limfosaiti zikibanwa zinaburuzika, kwenye slaidi naona michirizi ya buluu tu kama wino uliomwagika na sijui kilikuwa nini. Kinyanyue kwa ncha ya sindano, kata kitako kwa mkasi, tia chupani hapo hapo. Nyuzi moja au mbili, kwisha.

Kabla hujakichovya jiulize kama unataka kitu chengine zaidi ya histolojia. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama, inaua kila kitu, ukitaka kuotesha fangasi au bakteria kata chengine uweke kwenye salaini safi, na ukihisi ni lupasi au ugonjwa wa malengelenge unataka kipimo cha mng'aro, hicho pia hakitaki formalini hata tone. Nishaletewa chupa moja ina maelezo ya vipimo vinne, vitatu vishakufa.

CHUPA NA FORMALINI

Formalini ni ile ya asilimia 10 yenye bafa. Ile kali ya dukani ni formaldehaidi asilimia 37 mpaka 40, chukua mililita 100, maji yaliyokenekwa (distilled) mililita 900, sodiamu fosfeti ya monobesiki gramu 4 na ya daibesiki isiyo na maji gramu 6.5. Watu wanaruka hizo chumvi mbili kwa kuwa hazipo stoo, wanachanganya formalini na maji ya bomba basi, inageuka asidi, inatuachia vidoa vya kahawia kwenye slaidi na inakatakata DNA ambayo tutaihitaji huko mbele. Usiruke.

Kiwango, formalini iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama, mie napenda 20. Chupa iwe na mdomo mpana, maana kinyama kikikaa kwenye formalini kinakuwa kigumu na chupa ya mdomo mwembamba hakitoki, utakivunja. Formalini inaingia kama milimita moja kwa saa mwanzoni, panchi ya ngozi masaa 6 ndo kiwango cha chini na mpaka 24 ni raha, hata 48 sawa. Wiki tatu si sawa. Na kwa joto letu hili kinyama kilichoachwa mezani bila formalini "nikapate chai kwanza" kinaoza chenyewe ndani ya muda mdogo, spiriti ya hospitali nayo si badala yake, inakikausha.

Usitie formalini kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika. Haina rangi, mtu ana kiu, mtoto anapita. Na fungua madirisha ukichanganya, shirika la utafiti wa saratani la WHO limeshaiweka formaldehaidi kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu, sisi tunaoivuta kila siku ndo tunaolipa.

Lebo iwe kwenye chupa sio kwenye kifuniko, vifuniko vinabadilishana. Andika kwa penseli, wino unayeyuka kwenye spiriti. Jina, namba ya faili, tarehe na saa ya kukata, mahali penyewe ("kalio la kushoto, chupa A"). Kwenye fomu: umri, muda wa madoa, yako wapi, yanaenea vipi, asilimia ngapi, kajipaka na kumeza nini, majibu ya kukwangua na ya pamba, HIV, na wewe unafikiria nini. Hilo la mwisho muhimu kuliko unavyodhani. Ukiandika "ukurutu" nitaangalia ukurutu, ukiandika "madoa miaka sita sehemu zisizo na jua, mikosisi?" nitakata slaidi za ziada bila kuambiwa.

SAFARI

Kutoka Pemba, kifuniko cha skurubu, kizungushie plasta, mfuko ndani ya mfuko, katikati pamba nyingi ya kunyonya ikivuja, alafu ndani ya boksi gumu lisimame wima. Fomu iwe mfuko wake peke yake, nimesoma fomu nyingi zilizolowa formalini huku machozi yananitoka. Usiweke barafu na wala friza, maji yakiganda yanapasua seli. Mkabidhi mtu unaemjua na mwambie amebeba nini, sio "nifikishie hiki kifurushi" tu, na wa ndege aulize kwanza maana kimiminika hiki wana sheria zake. Kama boti ya leo haiendi kwa upepo wa kusi, kinyama kishakaa siku mbili kwenye formalini, kihamishie kwenye spiriti ya asilimia 70, humo kitasubiri salama.

MAABARA

Ndugu zangu wa bench, hapa nitapita haraka mnajua kazi yenu. Panchi ya 4 au zaidi ikate nusu kwa wima, ndogo acha nzima. Tia tone la eosini kwenye alikoholi ya mwisho kinyama kipate rangi kidogo uweze kukiona ndani ya nta. Na kikae kwa ubavu! Nikiri na mie langu: mwaka wangu wa kwanza nilikilaza kinyama cha mtu chali, nikakata nikakata, nikapata slaidi nzuri sana za tabaka la juu tupu kama ngozi ya chungwa, mpaka nimegundua bloku (kinyama kilichogandishwa ndani ya nta) imekwisha. Ilibidi mgonjwa akatwe tena. Lazima uone juu, kati na mafuta kwenye picha moja.

Unene uwe mikroni 3 mpaka 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ukate ngazi tatu, yani kwa kina tofauti, sio moja, maana zile seli mbaya mwanzoni zimekaa hapa na pale. Bloku iweke juu ya barafu kabla ya kukata, kwa joto la Februari nta inakuwa kama siagi. Na umeme, jamani umeme, wakongwe mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa bila umeme wa kutoka bara, wenye jenereta ndo wenye kazi. Siku hizi si hivyo lakini sheria yangu ni moja, mafuta ya jenereta yakiwa na mashaka sianzishi mashine usiku, kinyama kibaki kwenye formalini mpaka asubuhi. Kikikwama katikati kwenye zailini, kile kimiminika cha kuondoa alikoholi, kinakuwa kama kipande cha kuni.

Pamoja na himatoksilini na eosini, rangi zetu mbili za kila siku, kila kinyama cha namna hii kipe PAS kwa fangasi na Fite kwa ukoma, bila kuombwa. Rangi hizi mbili hazina gharama kubwa na kwetu huku zinakamata vitu.

KUSOMA

Anza na lensi ndogo. Ukurutu unaonesha tabaka la juu limelowa maji, seli zimeachana kama sponji, na limfosaiti zilizoingia humo zimefuata maji, mara nyingi na eosinofili (seli nyeupe za mzio) chini. Soriasisi, tabaka limerefuka chini kama vidole vilivyo sawa sawa, magamba yana viini, na humo nyutrofili (seli nyeupe za usaha) zimekusanyika. Laikeni, ugonjwa mwengine wa ngozi, seli zimejipanga kama ukanda chini na zinakula tabaka la msingi, yani safu ya chini kabisa ya tabaka la juu.

Mikosisi, limfosaiti zimepanda juu bila ya sponji ya maana. Hilo ndo neno, zimepanda bila sababu. Zinajipanga kwenye tabaka la msingi moja moja kama shanga kwenye uzi, kila moja ina kiduara cheupe pembeni yake, viini vimekunjamana kama ubongo, na zile za juu ni kubwa kuliko za chini. Chini utaona nyuzi za kolajeni zimekuwa nene kama waya. Vile vikundi vya seli vinavyoitwa vijipu vya Pautrier kila mwanafunzi anavitafuta kwa sababu vimo kwenye mtihani, lakini kwenye doa la mapema mara nyingi havipo, kwahiyo kukosa si ushahidi.

Kaa na slaidi na picha ya mgonjwa pamoja. Daktari wa ngozi akiwepo, akae pembeni yako, kwa simu pia sawa. Mie nishabadilisha mawazo mara nyingi kwa picha ya WhatsApp kuliko kwa lensi ya 100.

ANTIBODI

Antibodi ni protini inayoshika alama moja tu ya seli, tunaipa rangi tuione, na alama hizo zinaitwa CD na namba. Hapa ndo watu wanafikiria mashine itasema ndio au hapana, haisemi. CD3 inakuonesha seli T zote, CD20 seli B (T na B ni aina mbili za limfosaiti), CD4 na CD8 ni aina mbili za seli T, na CD2, CD5, CD7 ni alama ambazo seli T ya kawaida inazo na seli ilogeuka inaanza kuzipoteza. Mikosisi nyingi ni za CD4, ila zile za mabaka yalopauka mara nyingi ni CD8, kwahiyo kijana wetu mwenye mabaka ukamwambia "CD8 si mikosisi" umemkosea. Kupotea kwa CD7 peke yake kunaonekana hata kwenye ukurutu. CD30 ongeza ukiona seli kubwa au uvimbe.

Slaidi ziwe zenye gundi ya chaji, joto la kufungua protini digrii 95 mpaka 98 kwa dakika 20 kwenye bafa ya sitreti ya pH 6 au EDTA ya pH 9, peroksaidi asilimia 3 dakika 10, na kila mzunguko tia slaidi ya tonsili (findo la koo) kama kidhibiti. Bila tonsili usinioneshe.

Sasa kitu ambacho sijakiona kikisisitizwa vya kutosha kwa watu kama sisi. DAB, ile kemikali inayoonesha antibodi imeshika wapi, inatoa rangi ya kahawia. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo ni kahawia. Kwenye tabaka la msingi la ngozi nyeusi, pale pale ninapotafuta shanga zangu, kila kitu ni kahawia, na mtu akihesabu anahesabu rangi ya ngozi ya mgonjwa! Njia mbili: tumia rangi nyekundu ya AEC (lakini inayeyuka kwenye alikoholi, kwahiyo funika kwa gundi ya maji), au baki na DAB ila rangi ya nyuma iwe Giemsa badala ya himatoksilini, melanini inageuka kijani na CD yako inabaki kahawia. Na kila mara weka slaidi moja isiyo na antibodi ya kwanza uone kahawia iliyopo tokea mwanzo ni kiasi gani.

DNA

Kila familia ya seli T ina mpangilio wake wa jini la kipokezi. Ukurutu unaleta familia nyingi mchanganyiko, limfoma ni ukoo mmoja umejizalisha. PCR, kipimo cha kuzidisha DNA, inauliza tu, ni ukoo mmoja au wengi? Kipimo kinataka maabara yenye uwezo, kwahiyo bloku itavuka bahari kwenda bara au nje. Kata vipande vya mikroni 5 mpaka 10 kwenye kijichupa safi, ubadilishe wembe kati ya mgonjwa na mgonjwa, vyengine unampa mtu DNA ya jirani.

Ukoo mmoja si lazima uwe saratani, laikeni na baadhi ya magonjwa mengine ya uvimbe nayo yanaweza kuonesha. Na kinyama chenye seli T chache kinaleta ukoo wa uongo, ndo maana kipimo kirudiwe mara mbili. Kinachonipa nguvu ni ukoo ule ule kuonekana kwenye chupa A na chupa B, sasa unaelewa kwanini nilikuomba sehemu mbili. Na damu ya HTLV-1 ipimwe, kirusi hicho kinaleta limfoma ambayo kwa ngozi na kwa slaidi inafanana kabisa na mikosisi ila matibabu ni mengine. Hata kilipopatikana mara ya kwanza, 1980, kilitolewa kwa mgonjwa wa limfoma ya ngozi.

KUJUMLISHA

Tokea 2005 kuna hesabu ya pointi kwa mikosisi ya mapema. Mgonjwa mwenyewe anaweza kutoa pointi 2 (madoa yanayodumu au kuenea, pamoja na mawili kati ya haya: sehemu zisizo na jua, ukubwa na maumbo tofauti, ngozi kukonda na kuchanganyika rangi), slaidi pointi 2, antibodi 1, DNA 1. Ukifika 4 unaita mikosisi. Hebu angalia, mgonjwa alotazamwa vizuri na slaidi ilokatwa vizuri tayari ni 4, bila antibodi bila PCR. Kwa sisi ambao PCR ni safari, hiyo ni khabari njema sana, ila inaturudisha kwenye kumvua nguo mgonjwa.

Usipofika 4 usiandike "hakuna saratani". Andika "haijathibitika, arudi baada ya miezi 3 mpaka 6 akatwe tena bila steroidi", na mwambie mgonjwa hivyo hivyo kwa kinywa. Akifika 4 msimuogopeshe, aliye kwenye hatua ya doa wengi wanaishi miaka mingi na kutibiwa kwa dawa za kupaka na mwanga. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na kwa bara kipo kituo cha ngozi cha Moshi tokea 1992, Muhimbili, na Ocean Road kwa saratani.

KWA WANAFUNZI

Utafiti hauhitaji maabara ya Ulaya. Kabati zina bloku. Chukua zote zilizoandikwa "ukurutu sugu" kwa miaka mitano kwa mfano, panga mapema utachagua vipi usije ukaokota zinazokupendeza, kata upya, PAS na Fite kwa zote, alafu CD3, CD4, CD8, CD7. Wasomaji wawili, kila mmoja asijue mwenzake kasema nini wala ripoti ya zamani ilisemaje. Muulizane baadae mmekubaliana mara ngapi, hilo peke yake ni tasnifu. Changanya na za soriasisi na laikeni zilizothibitika ziwe za kulinganisha, na wagonjwa uwatafute uone madoa yako wapi sasa.

Kabla ya kugusa bloku hata moja pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, na bloku ikitoka nje iwe na mkataba wa maandishi unaosema inarudi lini. Sehemu moja, siitaji, tulipeleka bloku kumi na moja, zikarudi nne. Kata slaidi za akiba kwanza. Usimalize bloku ya mtu kwa ajili ya tasnifu yako, ni mali yake.

Yule mama, mara ya tatu, alikaa wiki nne bila kopo lake. Nesi mmoja wa Pemba, mwanamke makini, akamvua, akampiga picha, akakata makalio na ubavu, chupa mbili, penseli, fomu imejaa mpaka nyuma. Shanga zilikuwepo kwenye slaidi zote mbili, pointi 4 kabla sijafungua friji ya antibodi. Nikatoa bloku zake mbili za zamani kabatini nikazikata ngazi zaidi, na kwenye ya pili, chini kabisa ambako mwanzo sikufika, palikuwa na seli sita zimejipanga. Sasa nakata ngazi tatu, na bloku zake zote nimezifunga pamoja kwa mpira kwenye droo ya juu, maana Rabiulawwal anarudi kukaguliwa.